Kuhesabu mwanga: histogramu ilivyotoka kwenye karatasi ikaingia ndani ya draiva

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu ni video moja ya dakika kumi na moja. Nilidhani nitashughulika nayo jioni moja tu. Imenipeleka hadi kwa picha za setilaiti za miaka ya sabini, hadi Kariobangi kwa fundi wa runinga, na hatimaye ndani ya msimbo wa kerneli ya Linux. Wacha nianze mwanzo.

Video ilipigwa nyumbani kwetu Umoja mwaka 2006. Nilikuwa na miaka minane. Binamu yangu alikuwa ameazima kamera ya kaseti ndogo, na stima ilikuwa imepotea, kama kawaida ya mtaa wakati huo. Baba amekaa kando ya taa ya mafuta. Alikuwa mweusi tititi, na ule mwanga unamshika upande mmoja tu: paji la uso, shavu, na kola ya shati jeupe. Anasimulia siku aliyoshuka kwenye basi mara ya kwanza Machakos Country Bus, akiwa na anwani ya mjomba wake kwenye kipande cha karatasi na viatu vya kuazima. Anacheka kabla hajafika mwisho wa kila sentensi. Alifariki mwaka 2011. Hatuna video nyingine yake.

Mwaka jana dada yangu aliipata kaseti kwenye sanduku, tukaipeleka mjini ikageuzwa kuwa faili. Jioni hiyo niliifungua kwenye kipakatalishi changu, mtumba kutoka Uingereza, wale wanaoitwa ex-UK. Mama alikaa kando yangu. Tulifika dakika ya nne hivi, stima ikakatika. Kipakatalishi kikaendelea kwa betri, na hapo ndipo uso wa baba ulipobadilika. Shavu, kola na taa vikayeyuka vikawa doa moja. Kila alipogeuza kichwa picha ilikuwa kama inapumua: inang'aa, inafifia, inang'aa tena.

Mama akasema, "Mbona baba yenu anapotea hivyo?"

Sikuwa na jibu. Stima iliporudi, na baba akarudi.

Nilipojaribu kuchomoa waya wa chaji, akapotea tena. Nikajua basi kwamba faili haina neno, na aliyeigeuza hana makosa. Mwenye makosa alikuwa draiva. Simaanishi yule wa matatu ya 35/60, ingawa naye ana yake. Namaanisha ile programu inayokaa kati ya mfumo wa uendeshaji na chipu ya picha. Kampuni iliyotengeneza mashine yangu siitaji, kwa sababu karibu wote wana kitu cha aina hii ndani. Kitu chenyewe kinategemea histogramu, na historia yake ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Kwanza tuelewane histogramu ni nini. Mama mboga wa soko la Mutindwa hupanga nyanya zake kwa mafungu: kubwa, za kadri, ndogo. Ukimuuliza ana nyanya ngapi katika kila fungu, atakuambia. Ukimuuliza ile nyanya yenye doa ilikuwa wapi kwenye kreti, hawezi kukwambia, kwa sababu ukishapanga kwa ukubwa habari ya mahali imepotea. Histogramu ya picha ni hivyo hivyo. Unachukua kila pikseli, unaangalia mwanga wake, unaiweka katika fungu lake, mwishoni unahesabu mafungu. Unabaki na idadi tu. Nyuso, taa, pazia, vyote vimekuwa hesabu. Shikilia hilo, tutalirudia.

Jina histogramu lilianzishwa na Karl Pearson, mwanahesabu wa London, na likaonekana katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1895. Michoro ya pao yenyewe ni ya zamani zaidi. Mskoti William Playfair alichapisha ya kwake mwaka 1786. Lakini hao walikuwa wanahesabu watu, mali na biashara. Kuhesabu mwanga wa picha kulingoja picha zigeuke kuwa namba.

Na hapo Nairobi inaingia. Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Kifaa chake kikuu kilipima mwanga unaorudi kutoka ardhini kwa ngazi 64 tu, kwa sababu kila kipimo kilikuwa cha biti 6, na picha moja ilifunika eneo la kilomita 185 kwa 185. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1975, kikaanzishwa hapa Nairobi kituo cha nchi za Afrika mashariki na kusini cha upimaji na ramani, chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika pamoja na uliokuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Leo kinaitwa RCMRD na kiko Kasarani. Nimepita pale mara nyingi nikielekea kwa rafiki na sikuwahi kujiuliza wanafanya nini mle ndani.

Picha ghafi ya setilaiti ukiitazama inachosha. Kila kitu ni kijivu kimoja, kwa sababu ardhi haina mwanga wa kujaza ngazi zote. Pikseli nyingi sana zimesongamana katika mafungu machache ya katikati au ya chini. Anayezisoma huchora histogramu, anaona msongamano uko wapi, kisha anaunyosha ujaze nafasi yote kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ghafla mto unaonekana, shamba linatofautiana na msitu. Namba za kifaa ni zile zile, kilichobadilika ni jinsi zinavyoonyeshwa. Ila kuna gharama yake. Ukinyosha kwa ajili ya msitu, paa za mabati za mjini zinaungua zote kuwa nyeupe tupu. Ukinyosha kwa ajili ya mji, msitu unakuwa shimo jeusi. Kwa hivyo mtu anaamua anatafuta nini, ndipo ananyosha. Histogramu ilikuwa shauri kwa binadamu aliyekaa mbele ya picha.

Sasa turuke hadi mezani kwetu. Mwaka 1987 IBM ilitoa VGA, na kwa miaka mingi baadaye kompyuta za bei nafuu zilizungumza lugha hiyo. Programu ya mchezo iliandika namba moja kwa moja kwenye rejista za kadi: rangi 256 kwa wakati mmoja, zikichaguliwa kati ya 262,144. Draiva ilikuwa kitu chepesi au haikuwepo kabisa. Na hakuna aliyehitaji histogramu ya skrini, kwa sababu skrini zenyewe zilikuwa za mgongo. Mnazikumbuka. Saiba za Buruburu na Donholm zilijaa hizo, zilizokuja zimetumika tayari ng'ambo, na zikichoka fundi aliziwekea kiboksi cha kunasa chaneli zikawa runinga. Skrini ya mgongo hutoa mwanga pale tu panapotakiwa. Kwenye nyeusi, miale karibu haipo.

Skrini bapa ya LCD haiko hivyo. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na kila pikseli ni pazia dogo. Picha nyeusi maana yake ni mapazia yamefungwa huku taa ikiendelea kula betri nyuma yake. Ni sawa na kuacha balbu inawaka chumbani halafu ujifunike blanketi.

Wahandisi waliona upotevu huo na wakafanya hesabu nzuri kweli. Ikiwa pikseli angavu kuliko zote katika picha inahitaji nusu tu ya mwanga, basi punguza taa hadi nusu, na fungua kila pazia maradufu. Jicho linapokea mwanga ule ule na betri inapumzika. (Nasema nusu ya mwanga. Siyo nusu ya namba. Kwa skrini ya kawaida, namba 128 kati ya 255 hutoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga, kwa sababu uhusiano wa namba na mwanga umepinda. Nilipoteza usiku mzima kwa kusahau hilo.)

Ili ujue pikseli angavu ziko ngapi unahitaji histogramu, tena ya kila fremu. Skrini yangu ni 1366 kwa 768, yaani pikseli 1,049,088. Mara 60 kwa sekunde, ni karibu milioni 63 za kuhesabu kila sekunde. Ukiipa kichakato kikuu kazi hiyo, betri uliyotaka kuokoa unaila kwa kuhesabu. Lakini kuna sehemu ya chipu ambayo pikseli zote hupitia lazima zikielekea kwenye waya wa skrini. Weka kihesabuji pale, kama kondakta mlangoni, na hesabu inakuwa karibu bure. Intel walifanya hivyo kwenye chipu za vipakatalishi katikati ya miaka ya 2000 na kuiita DPST. AMD nao wana yao, ABM.

Upande wa Windows jambo hili lilifungwa ndani ya draiva, na mtumiaji akapewa kisanduku kimoja cha tiki kilichofichwa chini ya menyu tatu. Upande wa Linux hadithi ni ya kuchekesha kidogo. Ukifungua msimbo wa draiva ya Intel, i915, kwa miaka mingi utakuta rejista imepewa jina, BLC_HIST_CTL, pamoja na biti ya kuwasha histogramu. Hakuna sehemu nyingine ya draiva inayoitumia. Jina limeandikwa mlangoni na chumbani hamna mtu.

Kwa nini? Nafikiri ni kwa sababu swali gumu halikuwa la maunzi. Lilikuwa la kiolesura: nani anahesabu, nani anaamua, nani anaulizwa. Na kwa muda mrefu Linux haikuwa hata na mahali pa kuliuliza swali hilo. Kabla ya 2009, ni programu ya X iliyoigusa kadi yenyewe, ikiwa na mamlaka ya juu kabisa, huku kerneli ikitazama pembeni. Machi 2009, toleo la 2.6.29 likahamishia usimamizi wa skrini za Intel ndani ya kerneli. (Mwaka huo huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Sisi tulishangilia intaneti, wala hatukuwa na habari kwamba skrini nazo zimepata bwana mpya.) Baadaye kukaja utaratibu wa sifa: kila skrini ina orodha ya vitu unavyoweza kusoma au kuweka, na unaviweka vyote kwa pamoja au hakiwekwi hata kimoja. Majedwali ya rangi yakapata nafasi yao humo mwaka 2016. Histogramu bado.

AMD walichagua njia ya mkato. Kazi yote, kuhesabu na kuamua, hufanywa na kichakato kidogo ndani ya chipu ya picha, na nje hutoka kitufe kimoja chenye ngazi 0 hadi 4. Mwaka 2024 kitufe hicho kikafunguliwa kwa watumiaji wa Linux, na programu ya kusimamia nguvu za umeme ikaanza kukibonyeza yenyewe kompyuta ikiwa kwenye betri. Malalamiko yakaanza: rangi zimepauka, nyeupe imekuwa ya maziwa, kuna mtu alidhani skrini yake mpya ni mbovu. Niliposoma nilicheka, maana mimi nilidhani kaseti ya baba imeoza. Mhandisi wa AMD akapendekeza sifa mpya ambayo kwayo programu ya madirisha ingeweza kusema: hapa nahitaji rangi za kweli, usiguse.

Intel wakaja na pendekezo tofauti. Mwaka 2024 na 2025 walituma viraka, toleo baada ya toleo, vya kuigeuza histogramu kuwa sifa za skrini. Draiva inasema ina uwezo gani. Ukiwasha, maunzi yanahesabu mafungu 32, na yakiona hesabu imebadilika kupita kizingiti, yanatuma taarifa. Programu ya upande wa mtumiaji inasoma mafungu, inaamua yenyewe mkunjo wa kung'arisha picha, na inarudisha jedwali la namba 33 ili maunzi yalitumie. Kerneli haijui kama lengo ni kuokoa betri, kusaidia macho ya mzee, au kusoma skrini juani Uhuru Park. Inabeba tu hesabu kwenda na jedwali kurudi.

Mimi nimesimama upande huu wa pili, na sababu yangu iko kwenye ile video.

Fanya hesabu nami. Uso wa baba katika fremu ile, ile sehemu iliyoshikwa na mwanga wa taa, ni kama pikseli 60 kwa 80. Hizo ni 4,800, chini ya nusu asilimia ya skrini. Zilizobaki ni giza la sebule, ukuta na kiti. Sasa tuseme mtu ofisini ameandika sheria isemayo: asilimia moja ya pikseli angavu ikiungua, hakuna atakayeona. Ni sheria ya busara kabisa kwa ukurasa wa hesabu au kwa mechi ya mpira. Lakini katika sebule isiyo na stima, ile asilimia moja ndiyo mtu mwenyewe. Nyanya zimeshapangwa kwa ukubwa; hakuna anayejua tena kwamba fungu dogo la mwisho lilikuwa shavu la mtu.

Kuna jambo jingine dogo la kiufundi ambalo halizungumzwi vya kutosha: unapima mwanga wa pikseli kwa njia gani? Chukua rangi ya ngozi yenye nyekundu 120, kijani 80 na buluu 60. Ukichukua iliyo kubwa kati ya hizo tatu, kama viraka vya Intel vinavyofanya, unapata 120, fungu la 15 ukianza kuhesabu kutoka 0. Ukitumia ile fomula ya zamani ya runinga inayopima kwa uzito wa macho, unapata kama 90, fungu la 11. Pikseli moja, mafungu manne ya tofauti. Ngozi zetu zina nyekundu nyingi kuliko rangi nyingine, kwa hivyo njia ya pili inaziona nyeusi zaidi kuliko ya kwanza, na inaweza kuamua taa ishushwe hata zaidi. Mstari mmoja wa msimbo.

Si mara ya kwanza. Kodak waliwahi kuzipa maabara kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na rangi za filamu zikapimwa kwa ngozi yake kwa miongo mingi. Na miaka ya karibuni Tecno wamejipatia soko hapa kwetu kwa sehemu kwa sababu kamera zao zilirekebishwa kwa nyuso nyeusi. Sidhani aliyeandika sheria ya asilimia moja alikuwa na nia mbaya. Nadhani hakuwa na video ya aina yangu kwenye majaribio yake, basi.

Nilienda Kariobangi Light Industries kwa sababu tofauti kabisa, runinga ya mama ilikuwa imebaki na sauti bila picha. Tangu mitambo ya analogia izimwe mwaka 2015 mtaa umejaa runinga bapa, na ugonjwa wao mkubwa ni huo: taa za nyuma kuungua. Mzee aliyeifungua alibadilisha mistari ya taa, kisha akang'oa kipingamkondo kimoja kidogo kwenye bodi.

"Na hicho je, mzee?" nikamuuliza.

"Hizi, kijana wangu, hutumwa zikiwaka kama jua ndio zivutie dukani. Napunguza moto kidogo, zitadumu."

"Na picha?"

"Itakuwa na giza kidogo. Mwambie mama aiangalie usiku na mchana siku mbili. Asipopenda, rudi nirudishe. Sitaki hela."

Nilimweleza habari za histogramu na mafungu 32. Akasikiliza akiwa ameshika chuma cha kuchomea, akauliza swali moja tu: hiyo mashine yako ikipunguza, inakuuliza? Nikasema hapana. Akarudi kwa kazi yake.

Basi nimekuwa nikiandika kitu kidogo. Hakigusi maunzi bado, kinafanya hesabu kwenye fremu za video yenyewe, kwa hivyo kinakula betri na kimsingi ni mchezo. Kinagawa picha katika miraba 12 na kuchora histogramu ya kila mraba peke yake, ili uso mdogo kwenye kona usimezwe na ukuta mkubwa. Mraba wowote ukipoteza zaidi ya kiasi fulani cha mwanga wa juu, taa haishushwi. Maunzi ya leo ninayoyafahamu hutoa histogramu moja kwa skrini nzima, kwa hivyo hata viraka vya Intel havingenipa miraba. Lakini vingenipa nafasi ya kuandika sheria yangu badala ya ile ya asilimia moja, na kwa sasa ningeridhika na hilo. Kikwazo kingine: wasimamizi wa sehemu ya picha ya kerneli hawakubali kiolesura kipya mpaka kuwe na programu huria inayokitumia kweli. Watu hulalamika kuhusu kanuni hiyo. Mimi naiona ni nzuri, ingawa inamaanisha lazima mtu akae aandike upande wa pili kabla hajajua kama wa kwanza utakubaliwa.

Kwenye kipakatalishi changu nimeondoa ile tiki, na betri sasa inadumu kama saa mbili kasoro robo badala ya mbili na kidogo. Jumapili iliyopita tuliiangalia video hadi mwisho kwenye runinga ya mama, na mipangilio ya yule mzee ameikubali. Kwa programu yangu, dakika ya saba bado inapumua kidogo, pale baba anapoinama kuongeza utambi na mwanga kuruka ghafla. Nafikiri ni kizingiti, kinachelewa fremu nyingi mno kabla ya kuamua. Nitajaribu fremu 8 badala ya 30.